Jiko la gesi la kuchomea nyama kutoka Marekani: regyuleta, mahali pa kuliweka na utunzaji wake

Mkazi wa Mbezi Beach ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Ninaomba msaada wa watu wenye ujuzi wa majiko ya gesi ya kuchomea nyama, yale makubwa yenye mfuniko, magurudumu, na vichomeo kadhaa chini ya wavu. Shemeji yangu aliyerejea kutoka Marekani ametuletea moja lenye vichomeo vitatu ndani ya kontena la mizigo yake. Kwa kuwa nyumbani tumekuwa tukichoma nyama kwa mkaa miaka yote, hakuna hata mmoja wetu anayelifahamu vizuri. Tumeliunga kwa kufuata michoro ya kitabu chake bila shida yoyote, lakini tulipofika kwenye mtungi tukakwama: mpira wake una regyuleta (kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi inayotoka mtungini) yenye nati kubwa nyeusi ya plastiki, ambayo haiingii kabisa kwenye mtungi wetu wa kilo 15.

Fundi mmoja wa mtaani amenishauri niukate mpira huo, niiweke kando regyuleta iliyokuja nao, kisha nifunge ile regyuleta nyekundu yenye kishikio cha kuzungusha ambayo mama lishe na wakaanga chipsi huitumia kwenye majiko yao makubwa. Maelezo yake ni kwamba moto utakuwa mkali na nyama itaiva haraka. Sijakubali wala sijakataa.

Naomba basi kujua njia iliyo salama ya kuliunganisha jiko hili na mitungi ya hapa kwetu. Vilevile, nyuma ya nyumba tuna banda la makuti ambamo wageni hukaa wanapokuja. Je, jiko linaweza kuwekwa humo ili lisinyeshewe? Na mwisho, linatunzwaje katika hewa hii ya chumvi, maana hata nondo za madirisha hapa kwetu zinaliwa na kutu mara tu rangi inapochubuka? Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, anaamini kwamba mtungi utalipuka, nami ningependa kumpa majibu ya kweli badala ya kumtuliza kwa maneno matupu.

Fundi gesi, Kinondoni amejibu:

Ndugu yangu, usikubali ushauri huo. Ile regyuleta nyekundu ni ya presha kubwa, na ukiizungusha hadi mwisho inaweza kutoa presha ya baa nzima, yaani milibaa 1,000, au zaidi, wakati jiko lako limetengenezwa kupokea takribani milibaa 28, yaani chini ya sehemu moja ya thelathini ya presha hiyo. Majiko ya mama lishe yana vichomeo vya chuma cha kumimina vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Jiko lako lina vali ndogo ndogo nyuma ya vitufe vya kuzungushia, zenye mipira laini ndani yake, na ukizisukuma kwa presha hiyo zitaanza kuvuja mahali usipopaona. Moto nao hautakuwa mkali kwa namna unayoitaka. Utaruka juu ya kichomeo kwa mvumo, utazimika sehemu na kuwaka sehemu, na gesi isiyoungua itajikusanya ndani ya jiko.

Kabla ya kununua chochote, tafuta kibati kilichobandikwa nyuma ya jiko au ndani ya mlango wake. Hapo pameandikwa aina ya gesi. Ukiona herufi LP, jiko ni la gesi ya mitungi, na unaweza kuendelea. Ukiona NG, jiko limetengenezwa kwa gesi asilia ya bomba. Nozeli zake, yaani vile vipande vidogo vya shaba vyenye tundu la kupitishia gesi kwenda kwenye kichomeo, zina matundu makubwa zaidi, na ukiliunganisha na mtungi utapata miali mikubwa ya manjano yenye masizi ambayo hakuna kitufe kitakachoidhibiti. Jiko la namna hiyo lisiwashwe kabla ya nozeli zote kubadilishwa. Kwenye kibati hicho hicho utakuta presha, ambayo Wamarekani huiandika kwa inchi za safu ya maji; kwa majiko ya LP huwa ni inchi 11, na hizo ni sawa na milibaa 27 hadi 28. Hii ni bahati njema kwako, kwa sababu regyuleta za presha ndogo zinazouzwa hapa Dar es Salaam kwa ajili ya majiko ya kawaida ya nyumbani zimepangwa katika milibaa 28 hadi 30. Kwa hiyo huhitaji kitu cha ajabu. Regyuleta ya kawaida ya jikoni, mpya na iliyo nzima, inafaa.

Kuna jambo moja la kupima kwa hesabu. Nguvu ya majiko ya Marekani huandikwa kwa BTU, kipimo chao cha joto. Jiko la vichomeo vitatu huwa na BTU 30,000 kwa saa au karibu na hapo, ambazo ni takribani kilowati 9, na vichomeo vyote vikiwa wazi kabisa hula chini kidogo ya robo tatu ya kilo ya gesi kwa saa moja. Angalia kwenye regyuleta yenyewe: imeandikwa inapitisha kilo ngapi kwa saa. Ya kilo moja inatosha, na ya kilo moja na nusu inakupa nafasi. Pia usinunue regyuleta kabla ya kuukagua mtungi wako, kwa kuwa vichwa vya mitungi havifanani, na regyuleta inayokaa vizuri kwenye mtungi wa kampuni moja inaweza kulegea kwenye mtungi wa kampuni nyingine. Regyuleta inayohitaji kulazimishwa kwa koleo, au inayohitaji kipande cha mpira wa baiskeli ili ikae, si ya mtungi huo.

Sasa mpira. Usiukate. Upande wa pili wa mpira uliokuja na jiko, pale unapoingia kwenye bomba la jiko, kwa kawaida kuna nati ya shaba inayofunguka kwa spana. Ifungue, uende nayo dukani, utafute kiungo cha shaba chenye uzi uleule kwa upande mmoja na kijibomba cha kuvalisha mpira kwa upande mwingine. Wauzaji wa vifaa vya gesi Kariakoo wanavifahamu viungo hivi ukiwapelekea mfano mkononi, lakini ukienda kueleza kwa mdomo utarudi na kitu kingine. Angalia mdomo wa kiungo: ukiwa na umbo la koni, chuma kinakaa juu ya chuma na hapo ndipo gesi inapozuiwa, kwa hiyo usizungushie ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Tepu inazuia koni zisikutane vizuri, na mtu anabaki na uvujaji mdogo ambao anaendelea kuukazia spana bila mafanikio.

Mpira wenyewe uwe ule uliotengenezwa kwa gesi, ulioandikwa hivyo kwenye ubavu wake pamoja na mwaka wa kutengenezwa. Mpira wa plastiki unaoona ndani, ule wa maji au wa mafuta ya gari, haufai hata kwa jioni moja. Usizidi mita moja na nusu, usipite chini ya tumbo la jiko wala karibu na trei ya mafuta, na kila ncha ifungwe kwa klipu ya skrubu, si kwa waya. Kwa jua la hapa kwetu mimi huwashauri wateja wangu waubadilishe kila baada ya miaka miwili, hata kama bado unaonekana mzuri. Ukitaka kujua hali yake, ukunje kidogo kwa vidole karibu na klipu, kwa sababu nyufa huanzia hapo, na ukikunjuka hujifunga tena zisionekane.

Ukimaliza kuunga, funga vitufe vyote vya jiko, fungua mtungi polepole, kisha paka maji yenye sabuni nyingi ya kuoshea vyombo kwenye kila kiungo: shingo ya mtungi, regyuleta, klipu zote mbili na mpira wote. Subiri na utazame kwa makini. Uvujaji mkubwa hutoa mapovu papo hapo, lakini ule mdogo hutoa kipovu kimoja kinachovimba taratibu kama shilingi, na mtu mwenye haraka hukikosa.

Kijana wa Temeke amejibu:

Shukrani kwa maelezo, fundi. Naomba kuuliza jambo moja. Huku kwetu watu wengi hupima uvujaji kwa kupitisha njiti ya kiberiti iliyowashwa kwenye viungo, na gesi ikiwa inavuja moto mdogo huonekana pale pale. Je, kuna ubaya gani ikiwa mtu yuko nje, penye hewa ya kutosha?

Fundi gesi, Kinondoni amejibu:

Ubaya upo, mdogo wangu, hata nje. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, na butani mara mbili, kwa hiyo ikivuja haipandi juu na kupotea. Inashuka, inatambaa chini, na kukaa kwenye kila shimo, ndani ya kabati la jiko, kwenye mfereji, chini ya ngazi. Ikifikia asilimia 2 tu ya hewa iliyopo mahali hapo, inaweza kuwaka. Mtu anayepitisha njiti kwenye regyuleta anadhani anajaribu kiungo kimoja, kumbe chini ya miguu yake kuna gesi iliyokwisha kujikusanya tangu alipofungua mtungi. Sabuni inaonyesha uvujaji uleule bila kuwasha chochote.

Hili pia ndilo jibu la mama mkwe wa ndugu muulizaji, nami ningependa afikishiwe kwa heshima, kwa sababu hofu yake ina msingi isipokuwa imeelekezwa mahali pasipostahili. Mtungi wenyewe ni chuma kinene kilichopimwa kwa presha kubwa kuliko ile inayokaa ndani yake, na haujazwi hadi juu. Huachwa nafasi ya takribani sehemu moja ya tano ili gesi iliyo katika hali ya maji ipate pa kutanukia joto linapopanda. Mtungi hupasuka unapozingirwa na moto. Ajali nyingi za nyumbani huanzia kati ya mtungi na kichomeo, yaani kwenye regyuleta iliyolegea, mpira uliochoka, au gesi iliyofunguliwa bila kuwashwa. Lita moja ya gesi iliyo katika hali ya maji ikitoka inakuwa takribani lita 250 za gesi ya hewani, ndiyo maana uvujaji unaoonekana mdogo haupaswi kudharauliwa. Ile harufu kali tunayoisikia imetiwa makusudi, kwa sababu gesi yenyewe haina harufu. Ukiisikia, funga mtungi kwanza, usiguse swichi yoyote ya umeme, wala usiizime taa inayowaka.

Mama wa Kigamboni amejibu:

Nimeishi na jiko la aina hii karibu na bahari kwa muda mrefu, kwa hiyo nitajibu kuhusu mahali na kuhusu kutu, mambo ya viungo nimwachie fundi ambaye ameyaeleza vizuri.

Kaka, tafadhali usiliweke jiko ndani ya banda la makuti. Najua sababu yako ni nzuri, na najua wageni wanapenda kukaa karibu na nyama inapochomwa, lakini fikiria kinachotokea mafuta ya mbuzi au ya kuku yanapodondokea kichomeo: mwali unapanda ghafla, na ukiwa umeufungua mfuniko unaweza kufika usawa wa kichwa chako. Makuti ya miezi ya kiangazi yamekauka kabisa, na yakishika moto hakuna ndoo itakayowahi. Weka jiko mahali peupe, angalau mita 3 kutoka ukutani, dirishani, kwenye kamba ya nguo na kwenye matawi, na kutoka kwenye makuti usogee zaidi ya hapo. Sakafu iwe tambarare na ngumu. Kama unaogopa mvua, nunua turubai la kulifunikia jiko likishapoa, kwani ni rahisi zaidi kulifunika jiko kuliko kulihamishia chini ya paa. Kwa wanaoishi kwenye maghorofa ya Upanga na Kariakoo wanaosoma hapa, baraza la ghorofa si mahali pa jiko hili, kwa sababu gesi nzito inayovuja hushuka kwa jirani wa chini ambaye huenda anakaanga samaki wakati huo huo.

Halafu kuna upepo, ambao sisi wa pwani hatuwezi kuusahau. Nyuma ya jiko, chini ya mfuniko, kuna uwazi mpana wa kutolea moshi. Upepo mkali ukiingilia hapo, moto na joto husukumwa mbele na chini, kuelekea kwenye vitufe na vali na mpira. Geuza jiko ili mbele yake, pale unaposimama wewe, ndipo papokee upepo. Maana yake ni kwamba jiko halikai upande mmoja mwaka mzima: kusi ikishika, hasa Juni hadi Agosti, ninaligeuza, na kaskazi ikirudi ninaligeuza tena. Magurudumu yapo kwa kazi hiyo.

Sasa jambo ambalo sikuliona katika kitabu chochote kwa uzito unaostahili: wadudu. Kila kichomeo kina mrija unaopokea gesi kutoka kwenye nozeli na kuichanganya na hewa kabla haijafika kwenye matundu ya moto. Mdomo wa mrija huo uko wazi ili uvute hewa, na kwa nyigu wale wanaojenga kwa udongo hiyo ni nyumba iliyo tayari. Jiko likikaa bila kutumika, wanaleta udongo tonge kwa tonge, wanaweka buibui waliowauma ndani kwa ajili ya watoto wao, na kuziba mdomo kwa kizibo kigumu kama kigae. Ukitazama kwa nje huoni kitu. Ukiwasha, kichomeo hicho kinatoa mwali mlegevu wa manjano au hakiwaki kabisa, na gesi iliyozuiwa inarudi nyuma na kuwakia chini ya vitufe, mahali ambapo hapana kitu cha kuhimili moto. Buibui nao hutanda utando humo humo, na utando mwembamba tu unatosha kuleta shida ileile.

Kwa hiyo jiko lolote lililokaa muda bila kuwashwa, mimi huvua vichomeo vyote kwanza. Kwa kawaida kila kimoja kimeshikwa kwa skrubu moja au pini nyuma. Pitisha brashi ndefu nyembamba inayopinda kutoka upande wa nozeli hadi mwisho, gonga kichomeo mkononi mpaka udongo utoke wote, kisha elekeza juani na uchungulie. Matundu ya moto yaliyoziba yazibuliwe kwa waya mwembamba, lakini nozeli ya shaba usiichokonoe kwa waya, kwa sababu tundu lake limetobolewa kwa kipimo na ukilipanua kidogo tu umebadilisha kiasi cha gesi. Unaporudisha, hakikisha kila nozeli imeingia ndani ya mdomo wa mrija wake, si pembeni. Angalia pia regyuleta: ina kijitundu kidogo cha kupumulia, na kijitundu hicho kikae kimeelekea chini, kisiingie maji ya mvua wala udongo wa nyigu.

Kuhusu kutu, chukua sumaku ndogo ya friji uipitishe kwenye mfuniko na kwenye vichomeo. Chuma cha pua kilicho bora zaidi kwa kawaida hakishiki sumaku, na kile cha bei nafuu hushika. Kama chako kinashika, hakijaharibika, ila kitahitaji kufutwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukaushwa kila baada ya matumizi. Turubai liondolewe mara kwa mara siku za jua ili unyevu utoke, kwa maana turubai lililofungwa juma zima juu ya jiko lenye chumvi huharakisha kutu kuliko hewa yenyewe. Wavu wa chuma cha kumimina upake mafuta ya kula kwa kitambaa ungali una vuguvugu.

Mpishi wa hoteli, Masaki amejibu:

Naongeza juu ya kuwasha na kuzima, kwa sababu vijana wapya jikoni huja wakijua kuchoma lakini hawajui kuwasha.

Mfuniko ufunguliwe kabla ya kugusa kitufe chochote. Hii ndiyo kanuni ya kwanza. Gesi ikifunguliwa mfuniko ukiwa umefungwa, inajaa ndani kama sanduku, na cheche ya kwanza inaurusha mfuniko na kuunguza uso na mikono ya aliyeinama. Ukiwa umefungua mfuniko na vitufe vyote vimefungwa, fungua mtungi polepole, kisha kitufe kimoja, kisha bonyeza kiwashio. Kisipowaka ndani ya sekunde 5, funga, na usubiri dakika 5 kamili mfuniko ukiwa wazi. Watu wengi hubonyeza mara kumi mfululizo huku gesi ikiendelea kutoka, na pale ndipo hatari ilipo. Moto mzuri ni wa bluu, umetulia, pengine na manjano kidogo kwenye ncha.

Ukimaliza kupika, funga mtungi kwanza, uache gesi iliyobaki kwenye mpira iungue hadi miali ife yenyewe, ndipo ufunge vitufe. Hivyo mpira unalala mtupu.

Moto wa mafuta ndio utakaokutana nao mara nyingi zaidi ya jambo lolote lililotajwa hapa. Trei ya chini ya kukinga mafuta ikaguliwe kila unapowasha, si kila mwezi, na mafuta yakifika nusu yamwagwe. Usitandike karatasi ya aluminiamu kwenye wavu wote au kwenye sakafu ya jiko ukidhani unapunguza kazi ya kuosha, kwani inaziba njia ya hewa na kukusanya mafuta mahali penye joto kali. Mafuta yakiwaka, ondoa nyama kwa koleo refu, funga vitufe na mtungi kama unaweza kuufikia, na usimwage maji, maana maji hugeuka mvuke ghafla na kurusha mafuta yanayowaka pande zote. Mchanga mkavu au kizima moto cha unga ndicho kinachofaa, na kiwe karibu na jiko, si stoo. Ikiwa kinachowaka ni gesi yenyewe kwenye kiungo, usiuzime moto huo kabla ya kuifunga gesi, kwa sababu ukiuzima gesi itaendelea kutoka na kutafuta cheche nyingine. Usipoweza kuifunga, ondoa watu, sogea mbali, na piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Juu ya usafi wa wavu: brashi za waya huacha nyuzi za chuma ambazo hushikamana na nyama na kumezwa, na zikikwama kooni au tumboni ni kazi ya daktari wa upasuaji. Tumia kipande cha ubao kilichochongwa ncha bapa, au kitunguu kilichokatwa nusu na kuchomwa kwenye uma mrefu, ukisugue wavu ukiwa wa moto.

Mkazi wa Mbezi Beach amejibu:

Ninawashukuru sana nyote. Nimekitazama kibati: ni LP, inchi 11, BTU 30,000. Nilivua vichomeo kama Mama wa Kigamboni alivyoelekeza, na ingawa jiko ni jipya kabisa, mrija mmoja ulikuwa na utando mweupe wa buibui mdomoni, bila shaka tangu lilipokaa kwenye kontena na baadaye barazani. Mama mkwe amesomewa jibu la fundi lote, na sasa yeye ndiye aliyeshika bakuli la sabuni.

Nina maswali mawili ya mwisho. Watoto wanasema nyama ya gesi haina harufu ya moshi, na shemeji anapendekeza tutandaze mkaa kidogo juu ya vichomeo. Je, inafaa? Na mtungi wa akiba uwekwe wapi?

Mpishi wa hoteli, Masaki amejibu:

Mkaa usiwekwe. Jiko la gesi halikutengenezwa kubeba makaa. Joto lake litaunguza vichomeo na majivu yataziba matundu yote. Harufu mnayoitaka kwa sehemu kubwa hutokana na mafuta na viungo vinavyodondoka na kuungua, na hiyo mtaipata pia kwenye gesi. Kama bado mnataka moshi wa mti, wekeni vipande vidogo vikavu vya mwembe ndani ya kisanduku cha chuma chenye matundu, juu ya wavu, upande mmoja wenye moto, na nyama ikae upande wa pili.

Fundi gesi, Kinondoni amejibu:

Mtungi wa akiba usikae ndani ya kabati la jiko, hata kama nafasi ipo. Uweke nje, kivulini, umesimama wima na umefunikwa kizibo chake, mbali na mifereji. Hata ule unaouita mtupu una gesi ndani yake, kwa hiyo unastahili uangalifu uleule. Unapokwenda kubadilisha, mtungi usafiri umesimama, madirisha ya gari yakiwa wazi. Bodaboda anayeulaza nyuma ya pikipiki anaruhusu gesi ya maji kufika kwenye vali. Dukani, uliza mizani kabla ya kulipa. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake, uujumlishe na kilo 15, na mizani isome hivyo au karibu na hivyo. Kagua pia lakiri, na kipande cha mpira kilicho ndani ya mdomo wa vali kama kipo na hakijapasuka.

Na kwa kuwa baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam sasa inaunganishwa na gesi asilia ya bomba, ile inayotoka Songo Songo na Mtwara: ikifika kwenu, msiliunganishe jiko hili nayo kama lilivyo. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, nyepesi kuliko hewa, na nozeli za LP zitatoa moto hafifu usioivisha hata mishikaki. Mtakapobadilisha nozeli na regyuleta kwa ajili hiyo, andikeni aina mpya ya gesi kwa rangi isiyofutika kando ya kile kibati, ili atakayelirithi au kulinunua jiko baadaye asije akalifunga kwenye mtungi.